Kwa Nini Redio ya Mbali Huingia na ya Karibu Hupotea?

Kuna swali linaloulizwa na watu wasiojuana kabisa, katika nchi zisizofanana hata kidogo. Dereva anatoka Crystal, kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, anashika Highway 100 alfajiri ya mwezi wa Agosti, redio ikiwa kwenye kituo chake cha FM cha kila siku. Leo kituo hicho hakipo. Mahali pake yupo mtangazaji asiyemfahamu, anasoma taarifa ya msongamano wa magari wa Des Moines, mji ulio karibu kilomita 380 kusini, katika jimbo la Iowa. Kwingineko, Mzanzibari mkazi wa Maskati, Oman, anawasha redio ya gari na kukuta Kiajemi pale ambapo jana palikuwa na Kiarabu.

Kila mmoja humtafuta mkosaji. Redio imeharibika, antena imelegea, kituo kimevamiwa, kuna mtu anaingilia mitambo. Wako wanaopeleka redio kwa fundi, na fundi haoni ubovu kwa kuwa haupo. Ifikapo saa nne asubuhi kila kitu kimerudi kama kilivyokuwa, na swali linabaki bila jibu hadi litakapozuka tena.

Jibu liko katika hewa iliyo juu ya vichwa vyetu, kuanzia ardhini hadi kilomita moja au mbili kwenda juu. Hewa hiyo inaweza kujipanga kwa namna inayoyashika mawimbi ya redio na kuyapeleka mamia ya kilomita, badala ya kuyaacha yapotelee angani. Wengi wakieleza jambo hili husema ni habari ya joto na baridi. Sikubaliani na maelezo hayo, kwa sababu yanamwachia msomaji nusu ya ukweli. Joto lina sehemu yake, lakini anayeamua mara nyingi ni mvuke. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini Minnesota, nchi ya theluji, husikia mbali zaidi katika majira yake ya joto kuliko katika baridi yake kali, na kwa nini Maskati huishinda Minnesota kwa mbali.

## FM inafika wapi siku ya kawaida

Redio za FM hutumia masafa ya megahezi 88 hadi 108. Masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde moja, na megahezi moja ni mitetemo milioni moja. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Mawimbi ya aina hii husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Dunia nayo ni mviringo, kwa hiyo baada ya umbali fulani ardhi inazama na wimbi linapita juu ya vichwa vya wasikilizaji.

Umbali huo unaweza kuukadiria mwenyewe. Chukua urefu wa mnara kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4. Jibu ni kilomita. Vituo vingi vya televisheni na FM vya Minneapolis na Saint Paul hurusha matangazo kutoka minara ya Shoreview, kaskazini mwa Saint Paul, yenye urefu wa zaidi ya mita 400. Kipeuo cha pili cha 400 ni 20, ukizidisha kwa 4 unapata kilomita 80. Antena iliyo juu ya paa la nyumba, mita 9 kutoka chini, inaongeza kilomita 12. Jumla ni kilomita 92. Crystal iko kilomita 20 tu kutoka Shoreview, kwa hiyo inapokea bila shida. Des Moines iko nje kabisa ya upeo huo.

Kwa sababu hiyo masafa yaleyale hugawiwa vituo vingi. Kanuni za Marekani huruhusu vituo viwili vya FM vya daraja kubwa kabisa vitumie masafa yaleyale maadamu vimetenganishwa kwa kilomita 290 au zaidi. Karibu kila namba unayoizungusha kwenye redio yako ina wenyewe wengine katika majimbo ya jirani, na ni upeo wa dunia unaowazuia wasikutane. Upeo huo ukivukwa, vituo viwili huingia kwenye redio moja. Redio ya FM haichanganyi sauti za vituo viwili, hushika kile kinachofika kikiwa na nguvu zaidi na kukinyamazisha kingine. Ndiyo maana dereva wetu hakusikia kelele. Alisikia Des Moines safi, hasa alipokuwa mahali ambapo majengo au bonde vilimkinga na mnara wa karibu, au alipokuwa akisikiliza kituo kidogo kisicho na nguvu kubwa.

## Hewa inavyolipinda wimbi

Katika utupu wimbi la redio huenda kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya hewa hupungua kidogo mno, sehemu 3 hivi katika kila 10,000. Ni tofauti ndogo, lakini safari ni ndefu, na kidogo hicho hujikusanya.

Hewa nzito hulichelewesha wimbi kuliko hewa nyepesi, na hewa yenye mvuke mwingi hulichelewesha kuliko hewa kavu. Kwa kawaida hewa ya chini ndiyo nzito na yenye unyevu zaidi, kwa hiyo upande wa chini wa wimbi huchelewa na upande wa juu hutangulia. Mtazame msukuma mkokoteni ambaye gurudumu lake moja limetoka kwenye lami na kuingia mchangani: mkokoteni wote unageukia upande wa mchanga. Wimbi nalo hugeukia upande unaocheleweshwa, yaani chini. Kupinda huku tutakuita mpindo. Mpindo wa kawaida umo tayari katika hesabu tuliyofanya. Pasingekuwa na hewa, tungezidisha kwa 3.6 badala ya 4.

Sasa fikiria usiku mtulivu usio na mawingu. Ardhi inapoteza joto lake na kuipoza hewa inayoigusa, ilhali hewa ya juu yake inabaki na joto la mchana. Mtu akipanda juu anakuta joto linaongezeka badala ya kupungua. Hali hiyo ni mgeuko wa joto. Mgeuko huwa kama kifuniko: hewa ya chini haipandi, na mvuke uliotoka ardhini unabaki umefungiwa chini. Ukipita kifuniko hicho, ghafla unakutana na hewa yenye joto zaidi na iliyo kavu. Tofauti ya kasi ya wimbi kati ya chini na juu inakuwa kubwa kuliko kawaida, na mpindo unazidi. Ukifikia kiasi cha kulipinda wimbi sawasawa na mviringo wa dunia au zaidi, wimbi halitoki tena. Linarudishwa chini, linaruka kutoka ardhini au kwenye tabaka la chini yake, linarudishwa tena, na safari inaendelea. Njia hiyo tutaiita mfereji wa hewa.

Mfereji una masharti mawili, na makala yote iliyobaki inayategemea:

- Mvuke au joto libadilike kwa ghafla ndani ya kimo kifupi.
- Mfereji uwe mnene wa kutosha kwa wimbi linalopita. Kwa makadirio ya wahandisi, wimbi la FM linahitaji mfereji wa mita 200 hivi. Wimbi la simu la megahezi 2,500 linatosheka na mita 30. Rada ya meli, ambayo wimbi lake ni la sentimita 3, inatosheka na mita 10 au 12.

## Baridi kali hudanganya

Tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji mdogo wa Tower kaskazini mwa Minnesota, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Ndiyo baridi kubwa kupita zote zilizowahi kuandikwa katika jimbo hilo. Usiku wa namna hiyo una mgeuko wa joto mkubwa ajabu, maana theluji huipoza hewa iliyo juu yake kupita ardhi yoyote tupu. Mtu aliyesoma kwamba mgeuko wa joto ndio unaotengeneza mfereji atatarajia redio ya Crystal ijae vituo vya mbali mwezi Januari. Kwa kawaida haiwi hivyo.

Sababu ni kwamba hewa ya baridi kali haina mvuke wa kuhesabika. Katika nyuzi 20 chini ya sifuri, mita moja ya ujazo wa hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 1 hivi ya mvuke. Joto linabaki peke yake kufanya kazi yote, na peke yake linahitaji kuongezeka kwa nyuzi 10 hivi katika kila mita 100 za kwenda juu. Mgeuko mkali kiasi hicho hutokea, lakini aghalabu ni wa makumi ya mita tu karibu na theluji. Sharti la kwanza linatimia, la pili halitimii, na wimbi la mita 3 linaupita kana kwamba haupo.

Njoo sasa katika majira ya joto. Tarehe 19 Julai 2011 kiwango cha umande katika uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul kilifika nyuzi 28, rekodi ya miji hiyo miwili. Kiwango cha umande ni joto ambalo hewa ikipozwa hadi hapo, mvuke wake huanza kuwa maji; kadiri kilivyo juu, ndivyo mvuke ulivyo mwingi. Siku hiyohiyo Moorhead, kwenye mpaka wa magharibi wa jimbo, ilifika nyuzi 31. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam aliyehamia huko angeitambua hewa hiyo mara moja, maana hata kwao si kila siku inakuwa nzito namna hiyo. Hewa yenye kiwango cha umande cha nyuzi 28 ina gramu 27 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo.

Mvuke huo hutoka kusini, Ghuba ya Meksiko, ukiletwa na pepo za tambarare. Mahindi na soya za Iowa na kusini mwa Minnesota huuongeza, kwa sababu mmea hunyonya maji ardhini na kuyatoa kupitia majani, na huko mashamba yanafuatana hadi upeo wa macho. Jioni jua likizama na anga likawa wazi, mvuke wote huo unafungiwa chini ya mgeuko wa joto. Katika hewa ya namna hii mvuke ukipungua kwa gramu 2 hivi ndani ya mita 100 za kimo, mfereji umekwisha kupatikana hata kama joto halikubadilika. Linganisha gramu 2 katika 27 na zile nyuzi 10 za Januari, uone lipi ni rahisi.

Hali bora hutokea mkandamizo mkubwa wa hewa unapotulia juu ya eneo kwa siku mbili tatu. Mkandamizo mkubwa ni eneo ambalo hewa ya juu hushuka polepole. Ikishuka hupata joto na kukauka, na kuja kukaa juu ya hewa yenye unyevu kama kifuniko cha pili. Mgeuko wa usiku ukiungana na kifuniko hicho, mfereji hupata unene wa mamia ya mita. Hapo ndipo Des Moines huingia Crystal, na wakati mwingine Omaha, karibu kilomita 470. Mwisho wa Agosti na Septemba ndio wakati wake. Jua likipanda, ardhi hupata joto, hewa huanza kupanda na kuchanganyika, na mfereji huvunjika.

Ziwa Superior lina desturi yake. Mwezi Juni maji yake bado ni ya baridi sana, na hewa ya joto ikipita juu yake mgeuko hukaa hata mchana kutwa. Watu wa Duluth hunufaika na hali hiyo, ila Crystal, karibu kilomita 220 ndani ya nchi kavu, haiguswi sana nayo.

Kwa kifupi: Minnesota ina mifereji ya msimu na ya usiku. Baridi huipa mgeuko mkali lakini mwembamba na mkavu. Mwisho wa majira ya joto huipa mvuke na unene kwa pamoja.

## Ghuba, ambako mfereji ni jambo la kawaida

Maskati mambo ni mengine. Huko mtu hahitaji kungoja usiku mtulivu wa Agosti. Maji ya Ghuba ya Uajemi na ya Ghuba ya Oman ni ya joto na hutoa mvuke bila kukoma. Hewa inayokuja kukaa juu yake imetoka jangwani, ina joto zaidi na imekauka kabisa. Zinapokutana, tofauti ya mvuke kati ya tabaka la chini na la juu inakuwa kubwa kuliko inayoonekana kwa kawaida Minnesota, na bahari haina milima wala vilima vya kuuvunja mfereji. Pwani ya Iran, upande wa Jask, iko karibu kilomita 240 kutoka Maskati, na Chabahar haipiti kilomita 300. Zote ziko nje ya upeo wa kawaida wa redio, ndani kabisa ya mfereji.

Upande wa Salalah, katika mkoa wa Dhofar kusini mwa Oman, kuna hali ya peke yake. Kuanzia Juni hadi Septemba, pepo za kusi hufagia maji ya juu ya bahari na maji baridi ya vilindini hupanda. Hewa ya bahari inapoa, ukungu na manyunyu ya msimu huo, uitwao kharifu, yanaufunika mwambao, ilhali juu ya ukungu huo imelala hewa ya jangwa yenye joto na ukavu. Kila anayepanda milima ya Dhofar kipindi hicho huiona mwenyewe: unatoka kwenye manyunyu na baada ya mwendo mfupi uko kwenye jua kali. Umelipita tabaka lilelile linaloyarudisha mawimbi chini. Kusi hiyohiyo huyapandisha maji baridi kwenye pwani ya Somalia, ambako bahari inaweza kushuka chini ya nyuzi 20, jambo geni kabisa karibu na ikweta.

Wanajeshi waligundua nguvu ya hewa ya bahari hii kabla ya wasikilizaji wa redio. Katika Vita vya Pili vya Dunia, rada ya Bombay iliyotumia megahezi 200 ilionyesha pwani za Uarabuni, zaidi ya kilomita 1,600 ng'ambo ya bahari. Rada hurusha wimbi na kusubiri mwangwi, kwa hiyo wimbi lilikwenda umbali huo na kurudi.

Bahari ya Pasifiki ilitoa ushahidi mwingine mwaka 1957. Wapenzi wawili wa redio wenye leseni, John Chambers wa California na Ralph Thomas wa Hawaii, waliwasiliana kwa megahezi 144, umbali wa karibu kilomita 4,100. Walipita chini ya kifuniko cha hewa kavu kinachokaa kati ya California na Hawaii miezi mingi ya mwaka. Waliokuwa wakiamini kwamba masafa hayo hayawezi kuvuka bahari ilibidi wabadili vitabu vyao.

Serikali nazo zimelazimika kulikubali jambo hili kwa maandishi. Nchi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zilipokutana Geneva mwaka 2006 kugawana masafa ya televisheni ya dijitali, hazikutumia hesabu moja kwa dunia nzima. Ziligawa kanda kulingana na hewa, na eneo la bahari kuanzia Shatt al-Arab, kaskazini mwa Ghuba ya Uajemi, hadi Ghuba ya Oman likapewa kanda yake.

## Mwambao wa Waswahili

Na kwetu je? Mwambao kutoka Lamu hadi Kilwa una mvuke wa kutosha mwaka mzima. Kinachopungua mara nyingi ni ukavu wa juu. Ukiwa na unyevu chini na unyevu juu, wimbi haligeuki kupita kawaida yake. Kwa hiyo nafasi nzuri ni miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari, ambapo sehemu kubwa ya mwambao mvua zimepungua, anga liko wazi na hewa inayotoka kaskazini-mashariki ni kavu zaidi. Usiku ardhi inapopoa, upepo wa nchi kavu hushuka na kuteleza kuelekea baharini, ukikutana na hewa iliyoshiba mvuke juu ya maji. Mombasa na Tanga zimeachana kwa kilomita 130 tu, Mombasa na Wete kilomita 110 hivi, na njia karibu yote ni maji. Umbali wa namna hiyo hauhitaji mfereji kamili. Mpindo ukizidi kidogo tu kuliko kawaida, unatosha.

Wakubwa wa Dar es Salaam wanayo kumbukumbu ya jambo hili, ingawa wengi hawakuwahi kuelezwa sababu. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa rangi, ilhali Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake hadi 1994. Katika miaka hiyo waliokuwa na televisheni Dar es Salaam waliinua antena kwenye milingoti mirefu na kuzielekeza kisiwani. Fanya hesabu: mnara wa mita 100 hutoa kilomita 40, antena ya mita 16 hutoa nyingine 16, jumla 56. Mji wa Zanzibar uko kilomita 70 na ushei kutoka Dar es Salaam. Kwa mnara wa kimo hicho, mji mzima ungekaa nje kidogo ya upeo, mahali ambapo hewa ndiyo inayoamua. Jioni moja picha safi, jioni ya pili chenga tupu. Wengi walizunguka na antena juu ya paa wakidhani ni mkono wao uliokosea.

Kuna mfereji mwingine ambao mwambao unao kila siku bila kukosa, na hauonekani na msikilizaji. Hewa inayogusa bahari imeshiba mvuke kabisa, na mita chache juu yake mvuke umeanza kupungua. Mfereji huu wa mvuke wa baharini una unene wa mita 10 au 15 hivi kwa kawaida, mwembamba mno kwa FM, lakini rada za meli zinazoingia Kilindini huuona. Nahodha anaweza kuona kwenye kioo chake chombo kilicho mbali kuliko upeo wa macho yake.

Bara mambo yanapungua, nami sitarefusha. Nairobi ina usiku wa baridi na umande, lakini miinuko na mabonde yake huukatakata mfereji kabla haujafika mbali. Msitu wa Kongo una mvuke mwingi, kuanzia ardhini hadi juu sana, na mvua za radi huichanganya hewa karibu kila siku. Palipo na mchanganyiko hapana tabaka, na pasipo na tabaka hapana mfereji. Mvuke peke yake hautoshi. Sharti uwepo chini na ukosekane juu.

## Si kila sauti ya mbali imepita mferejini

Msikilizaji anaweza kutofautisha mwenyewe:

- Redio ya AM ya mbali usiku haihusiani na mfereji. Mawimbi ya AM hurudishwa na ayonosfia, tabaka lenye chembe za umeme lililo kilomita 100 na zaidi juu. WCCO ya Minneapolis, kwenye AM 830, husikika majimbo mengi kila usiku kwa njia hiyo.
- FM ya mbali sana, kilomita 1,000 hadi 2,000, inayokuja mchana wa Juni au Julai, inayumba na kutoweka ghafla, aghalabu imerudishwa na wingu jembamba la umeme ndani ya ayonosfia.
- FM ya kilomita 150 hadi 700, inayokuja usiku au alfajiri, inayokaa saa nyingi bila kuyumba na kuisha jua likipanda, ndiyo ya mferejini. Juu ya bahari inaweza kukaa siku nzima.

## Rada inayoona mvua isiyokuwepo

Mtu atauliza kama jambo hili lina uzito wowote zaidi ya redio ya gari. Linao, na huku ndiko ningependa watu wetu walio katika mawasiliano na hali ya hewa waangalie zaidi.

Chanhassen, kusini-magharibi mwa Minneapolis, ndiko iliko ofisi ya idara ya hali ya hewa ya Marekani inayohudumia eneo hilo pamoja na rada yake. Rada hurusha mawimbi kidogo juu ya upeo na kupokea mwangwi wa matone ya mvua. Kukiwa na mfereji, mawimbi hayo hupinda chini, yanagonga ardhi, majengo na miti, na mwangwi unarudi kama wa mvua. Asubuhi yenye anga safi, ramani inaonyesha mabaka karibu na Minneapolis na Saint Paul. Mtabiri mzoefu huyatambua: hayasogei na upepo, na yanafifia jua likipanda. Mtu wa kawaida anayetazama ramani kwenye simu anabeba mwavuli bure.

Ofisi hiyohiyo hurusha puto mara mbili kwa siku kwa kawaida, majira ya joto ikiwa saa moja asubuhi na saa moja jioni. Puto hubeba kifaa kinachopima joto, unyevu na mkandamizo kadiri kinavyopanda. Nairobi nako maputo hurushwa kutoka Dagoretti Corner. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoonyesha kama mfereji upo na una unene gani. Watu wengi hudhani puto ni la kutabiri mvua tu. Mhandisi wa mawasiliano analihitaji vilevile, na mwambao wetu mrefu ungefaidika na vipimo vingi zaidi vya hewa ya chini kuliko vilivyopo.

Simu zina shida yake. Baadhi ya mitandao ya 4G na 5G hutumia masafa yaleyale kusema na kusikiliza kwa zamu: mnara unarusha, unanyamaza, kisha unasikiliza simu za wateja. Minara yote hufuata saa moja ili isigongane. Lakini wimbi huchukua sehemu moja ya elfu ya sekunde kwenda kilomita 300. Mfereji ukilileta wimbi la mnara wa mbali, linafika limechelewa, wakati mnara wa hapa umekwisha kunyamaza na unasikiliza. Simu dhaifu ya mteja inafunikwa. Mteja ana alama zote za mtandao na bado hawezi kupiga. China imelikabili tatizo hili kwa ukubwa, na viwango vya kimataifa vya simu vilivyokamilishwa mwaka 2020 viliongezewa utaratibu wa mnara kutambua kwamba kero inatoka mbali na kuipunguza. Kampuni inayojenga minara mwambaoni, kutoka Mtwara hadi Lamu, ingefanya vyema kuuliza mapema kama mitambo yake inao utaratibu huo.

## Ufanye nini likikutokea

Usipeleke redio kwa fundi siku ya kwanza, wala usinunue antena mpya. Angalia saa, angalia anga, kumbuka kama usiku ulikuwa mtulivu. Ukipenda, andika jina la kituo ulichokisikia, tarehe na saa. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kumbukumbu ya hewa ya mtaa wako ambayo hakuna ofisi inayo.

Kwa wenye televisheni ya antena kuna tahadhari moja ambayo haisemwi vya kutosha. Tangu vituo vikubwa vya Marekani vihamie dijitali tarehe 12 Juni 2009, na Tanzania ilipoanza kuzima analojia mwishoni mwa 2012, picha haionyeshi chenga tena polepole. Ishara ikivurugwa, hukatika moja kwa moja. Chaneli zikipotea alfajiri ya namna hii, usiiamuru televisheni au king'amuzi kitafute chaneli upya. Kitaandika vituo vya mbali ambavyo mchana havitakuwepo, na kinaweza kuvifuta vya karibu vilivyokuwa vimefunikwa kwa muda. Ngoja hadi saa nne au saa tano asubuhi, kisha washa tena. Zikiwa bado hazipo hapo, ndipo umwite fundi.